Hilux ya dizeli inalia "tiki tiki" asubuhi na moshi unaingia kabini: ni nozeli au ekzosi inavuja?

Mkulima wa Uwemba

Ndugu mafundi na wamiliki wenzangu, salaam. Nina Hilux ya kabini moja yenye injini ya 5L, ile ya dizeli ya cc 2986 isiyo na tabo, ninayoitumia kushusha viazi kutoka shambani hadi Njombe mjini na mara nyingine hadi Makambako. Tangu baridi ya mwezi wa sita ianze, kila ninapoiwasha asubuhi inatoa mlio mkavu wa "tiki tiki tiki" upande wa injini, na mlio huo unakwenda sambamba na mzunguko: nikikanyaga mafuta unakimbia, nikiachia unapungua. Injini ikishapata moto mlio unafifia kiasi kwamba mtu asiyeijua gari hii hawezi kuusikia, lakini nikipakia magunia na kuanza kupanda mlima unarudi, safari hii ukiwa kama wa mtu anayepuliza pumzi kwa nguvu kupitia kwenye meno.

Jambo la pili ni harufu ya moshi kabini. Haipo wakati wote. Huja ninaposimama kwenye mizani au kwenye foleni huku feni ya kabini ikiwa imewashwa, na nikishaondoka na kuchanganya mwendo hupotea.

Fundi wangu alilegeza nati za paipu za nozeli (vile vipulizio vya dizeli kwenye silinda) moja baada ya nyingine huku injini ikiunguruma. Alipofika kwenye silinda ya nne, mlio ukakata, naye akahitimisha kwamba nozeli ya nne imekufa na kwamba ni busara kubadilisha zote nne pamoja na kuipeleka pampu ikapimwe. Gharama aliyonitajia si ndogo kwa msimu huu ambao viazi havina bei. Jirani yangu, mzee aliyeendesha malori miaka mingi, ameisikiliza gari akasema ni ekzosi inayovuja na nozeli hazihusiki. Nguvu ya gari haijapungua, moshi wa nyuma hauna rangi ya kutisha, na ulaji wa mafuta ni uleule. Naomba mnieleweshe nitatofautishaje mambo haya mawili kabla sijafungua pochi.

Fundi Dizeli, Mbeya

Ndugu Mkulima, usinunue nozeli bado. Jaribio alilofanya fundi wako ni jaribio halali na sote tunalifanya, ila yeye amelipatia uzito ambao halina. Unapolegeza paipu ya nozeli, silinda ile haipati mafuta, kwa hiyo haiwaki. Isipowaka, nozeli mbovu haiwezi kugonga. Lakini pia gesi inayotoka kwenye silinda ile wakati valvu ya ekzosi inafunguka haina shinikizo la maana, kwa hiyo hata kama gasketi ya manifoldi (kile chuma kinachokusanya moshi wa silinda zote na kuupeleka kwenye bomba) ina pengo, hakuna cha kupiga mlio kwenye pengo hilo. Magonjwa yote mawili yanatoa jibu moja. Fundi wako amekuonyesha ni silinda gani, na hilo ni jambo la kumshukuru kwa sababu limetupunguzia kazi, lakini hajakuonyesha ni ugonjwa gani. Vilevile usitegemee ile hali ya kulia zaidi kukiwa na baridi, maana dizeli yenye nozeli inayodondosha mafuta nayo hugonga zaidi asubuhi.

Kinachonifanya niegemee upande wa mzee jirani yako ni vitu viwili ulivyovitaja kwa kupita. Cha kwanza ni mlio kurudi kwenye mlima wenye mzigo na kugeuka kuwa wa kupuliza. Nozeli inayogonga husikika vizuri zaidi injini ikiunguruma yenyewe, na ukikanyaga mafuta mara nyingi humezwa na kelele nyingine. Uvujaji wa ekzosi hufuata mzigo, kwa sababu mafuta yakiongezeka shinikizo ndani ya manifoldi huongezeka. Cha pili ni moshi kabini gari likiwa limesimama na feni ikivuta. Hewa ya feni huingilia kwenye matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, nyuma kidogo ya boneti. Moshi unaovuja kwenye manifoldi hujaa chini ya boneti na kupanda hadi hapo. Gari likitembea, upepo huuburuta kuelekea chini ya gari. Kama bomba lingekuwa limetoboka chini ya sakafu, moshi ungeingilia kwenye mpira wa gia au kwenye matundu ya sakafu, na tabia yake ingekuwa nyingine.

Sasa fanya hivi. Kesho asubuhi kabla ya kuwasha, ondoa bati la kukinga joto lililofunika manifoldi, kisha uangalie kwa tochi pale manifoldi inapokutana na silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, hasa silinda ya nne. Gesi ya dizeli huacha masizi. Mahali pasipovuja pana kutu ya kawaida ya kahawia au vumbi. Mahali panapovuja pana alama nyeusi inayoanzia kwenye ukingo wa gasketi na kutawanyika kuelekea nje, nyembamba mwanzoni na pana mwishoni. Pitisha kidole: kama weusi ni mkavu na unabaki kidoleni, hayo ni masizi, kama unanata, ni oili inayovuja kutoka kwenye kava ya valvu, na hiyo ni kesi nyingine. Tazama pia kama nati zote zipo, kwa maana mara nyingi utakuta stadi, zile bolti zisizo na kichwa zilizozama kwenye hedi, imekatika na kuondoka na nati yake.

Ukishaangalia, washa injini ikiwa ya baridi na uchukue kipande cha mpira wa maji cha urefu wa mita moja. Ncha moja iweke karibu na sikio na nyingine uitembeze kandokando ya gasketi, ukijihadhari na feni na mkanda, na usivae skafu wala shati lenye mikono mipana. Kwenye pengo utasikia mpigo unaoingia moja kwa moja sikioni. Una dakika chache tu za kazi hii, kwa kuwa manifoldi huwahi kupata moto na chuma kikitanuka pengo hujiziba kwa sehemu. Ndiyo sababu mlio wako hufifia.

Kwa uhakika wa mwisho, mtu wa pili avae glovu nzito na kuziba mdomo wa bomba la nyuma kwa tambara nene lililoloweshwa, kwa sekunde chache tu na bila kulishindilia. Ekzosi isiyovuja italisukuma tambara kwa nguvu. Ekzosi inayovuja italisukuma kwa unyonge, huku ule mlio wa mbele ukizidi. Kugonga kwa nozeli hakubadiliki hata uzibe nini nyuma.

Dereva wa Zamani

Nakubaliana na Fundi Dizeli isipokuwa naongeza mshukiwa wa tatu ambaye watu humsahau. Nozeli hukaa juu ya washa yake kwenye silinda hedi, na kama washa hiyo imechoka au ilirudishwa ya zamani baada ya kufunguliwa, mgandamizo wa silinda hupenya pembeni ya nozeli na kutoa "tiki tiki" inayofanana kabisa na ya manifoldi. Hata glopulagi (plagi ya kupasha silinda joto wakati wa kuwasha) iliyolegea hufanya hivyo. Ukilegeza paipu ya mafuta mlio hupungua ila mara nyingi haukati kabisa, kwa sababu pistoni bado inagandamiza hewa hata isipowaka. Wewe umesema ulikata, kwa hiyo sidhani kama ndiyo shida yako, lakini kuhakikisha ni kazi ndogo: mwaga maji ya sabuni au dizeli kidogo kuzunguka shina la kila nozeli injini ikiwa inaunguruma. Penye kuvuja patachemka mapovu. Dalili nyingine ni weusi mgumu, unaong'aa, uliogandia kwenye shina la nozeli.

Halafu tahadhari kwa watakaosoma hapa na kwenda kujaribu wenyewe: mafuta yanayotoka kwenye paipu ya nozeli yana shinikizo la zaidi ya bar 100. Yakikurukia kwenye ngozi katika ncha nyembamba yanaweza kupenya hadi ndani ya nyama, na jeraha la namna hiyo linahitaji hospitali siku hiyohiyo hata likionekana dogo. Vaa miwani, na usiweke mkono karibu na nati unayoilegeza.

Kijana wa Pikapu

Mimi naona mnamzungusha ndugu yetu bila sababu. Anunue silikoni nyekundu ya gasketi, apake pale panapovuja, azungushie bandeji ya ekzosi, na kazi imekwisha. Gharama haifiki hata robo ya nozeli moja.

Fundi Dizeli, Mbeya

Kijana, bandeji ina mahali pake. Bomba likitoboka chini ya gari, mbali na injini, bandeji inaweza kukufikisha nyumbani. Kwenye manifoldi haiwezekani hata kuizungusha, kwa sababu uvujaji uko kati ya nyuso mbili zilizobanana. Ile silikoni nyekundu nayo hustahimili joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi, au zaidi kidogo kwa muda mfupi, ilhali gesi inayotoka kwenye silinda za dizeli yenye mzigo mlimani huvuka 500. Itaungua, itageuka unga, na atakayekuja kuifungua atatumia nusu siku kukwangua mabaki yake. Gasketi ya manifoldi hufungwa kavu, nyuso zikiwa safi.

Mchomeleaji, Iringa

Nadhani mtaishia kwenye stadi iliyokatika, hivyo acheni nieleze upande huo, kwa sababu hapo ndipo silinda hedi nyingi huharibiwa na mikono yenye haraka.

Kwanza ieleweke kwa nini stadi za mwisho, za silinda ya kwanza na ya nne, ndizo hukatika kabla ya zile za katikati. Manifoldi ya chuma cha kusubu yenye urefu wa karibu nusu mita, ikipata joto la nyuzi 500 zaidi ya lile la asubuhi, hurefuka kwa zaidi ya milimita 2. Silinda hedi inapozwa na maji, kwa hiyo yenyewe hurefuka kidogo sana. Tofauti hiyo lazima iende mahali, nayo huenda kwenye ncha: manifoldi huteleza juu ya gasketi kila inapopata moto na kurudi inapopoa. Mtu aliyekaza nati kupita kiasi akiamini kwamba anazuia uvujaji huinyima manifoldi nafasi ya kuteleza, na matokeo yake ni stadi kukatika au manifoldi yenyewe kupata ufa.

Ikiwa kipande kilichobaki kimechomoza hata milimita chache, usikivamie kwa koleo. Kinyunyizie mafuta ya kulainisha kutu jioni na tena asubuhi, kisha weka nati iliyo kubwa kidogo juu yake na uichomelee kwa ndani, kuunganisha nati na kile kipande. Faida ya kuchomelea ni mbili: unapata pa kushika kwa spana, na joto lenyewe huivunja kutu iliyoshika kwenye sredi (mifereji ya skrubu). Subiri wekundu uishe, kisha zungusha mbele kidogo na nyuma kidogo, bila papara. Ukiona kinagoma, ongeza mafuta. Ukilazimisha, kitakatikia ndani. Kabla ya kuchomelea, ondoa waya za betri, na dinamo pia ikiwezekana, maana umeme wa mashine huziunguza diodi zake.

Kikikatikia ndani, inabidi kutoboa. Piga alama katikati kabisa kwa sentapanchi, anza na biti nyembamba, na uende kwa mwendo wa polepole. Biti ikihama kando inakula sredi ya hedi, na kama hedi yako ni ya aluminiamu itakula haraka kuliko unavyodhani. Gusa kwa sumaku kwanza ujue unashughulika na chuma gani. Sipendi kutumia ekstrakta, kile kifaa cha kuchomolea bolti iliyokatika, kwenye stadi za ekzosi. Ni chuma kigumu mno, na ikivunjikia humo ndani hakuna drili ya kawaida itakayoitoboa. Hapo utakuwa umebadilisha kazi ya saa moja kuwa kazi ya kushusha hedi.

Manifoldi ikiwa nje, iegemeze kwenye rula ya chuma iliyonyooka na ujaribu kupitisha fila (kijibati chembamba cha kupimia nafasi) chini yake kwenye kila mdomo. Ikiwa imepinda, ipeleke kwenye mashine ileile inayoskimu hedi isawazishwe, la sivyo gasketi mpya itaungua pale pale ilipoungua ya zamani. Itazame pia kama ina ufa, hasa kwenye makutano ya mikono yake. Ukikuta ufa, usikubali uchomelewe kwa fito za kawaida. Chuma cha kusubu kina kaboni nyingi, na kandokando ya weldi ya kawaida huwa kigumu na kukatika upya kikipoa. Kinachohitajika ni fito za nikeli, kuipasha manifoldi nzima moto kabla, na kuifukia kwenye majivu au mchanga mkavu ipoe taratibu hadi siku inayofuata. Ukweli ni kwamba manifoldi nzima ya mtumba mara nyingi huwa nafuu kuliko weldi nzuri.

Muuguzi, Tanga

Mimi si fundi, lakini kuna jambo ambalo mafundi wanalipita haraka. Ndugu Mkulima ameandika kuhusu harufu ya moshi kana kwamba ni kero. Dizeli hutoa kaboni monoksaidi kidogo kuliko petroli, ila haimaanishi kwamba haitoi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na hujishikiza kwenye hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Unachokinusa ni vitu vingine vilivyomo kwenye moshi, kwa hiyo harufu ikipungua usidhani hatari imepungua. Tena moshi wa dizeli wenyewe uliwekwa mwaka 2012 na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Mpaka gari litengenezwe, funga ile njia ya kuingiza hewa ya nje, fungua vioo vya milango yote miwili, na usikae ndani injini ikiwa inaunguruma mahali pamoja. Kichwa kikikuuma safarini na maumivu yakaisha ukishuka, usimeze dawa ya maumivu na kuendelea, zima injini. Na kama kuna watu wanaopanda nyuma chini ya turubai juu ya magunia, hao ndio wa kuwafikiria zaidi, kwa sababu nyuma ya kabini hewa hujizungusha na kuuvuta moshi wa bomba kuelekea ndani ya turubai.

Mkulima wa Uwemba

Nawashukuru nyote. Nimefanya kama mlivyoelekeza na naleta majibu. Nilipoondoa bati la joto, nyuma kabisa, chini ya mdomo wa silinda ya nne, palikuwa na weusi mkavu uliotawanyika juu ya hedi kama Fundi Dizeli alivyoeleza, na stadi ya chini haikuwa na nati. Ilikuwa imekatika na kuacha kipande kama cha unene wa shilingi. Mpira wa maji uliniletea mpigo sikioni hapo hapo na si kwingine. Maji ya sabuni kwenye mashina ya nozeli hayakutoa povu lolote. Fundi wangu niliyemwita ashuhudie alisikiliza kwa mpira, akanyamaza kidogo, kisha akasema tutafute gasketi.

Kipande kilitoka kwa njia ya nati ya kuchomelea, bila kutoboa. Manifoldi haikuwa na ufa, ila kwenye ncha ile ya nne fila ilipita, kwa hiyo imekwenda kusawazishwa. Gasketi na stadi mpya ninazo. Naomba mnisaidie mambo mawili kabla hatujafunga: tukaze kwa utaratibu gani, na je, kuna sababu iliyofanya stadi ile ikatike, au ni uzee tu? Nauliza kwa sababu tulipofungua bolti za bomba la mbele, bomba lilishuka kwa kishindo, kama kitu kilichokuwa kimevutwa.

Fundi Dizeli, Mbeya

Kishindo hicho ndicho jibu la swali lako la pili. Bomba la mbele halitakiwi kuning'inia kwenye manifoldi. Uzito wake hubebwa na kishikizo kilicho karibu na giaboksi na raba za kuning'inizia zilizo nyuma yake. Kishikizo kikikatika au raba zikichanika, bomba zima linakuwa mzigo wa manifoldi, na kwenye barabara za shambani kila shimo linalivuta chini. Angalia pia mauntini za injini, yaani vishikizo vya raba vinavyoibeba: fungua boneti, mtu mwingine akanyage breki, aingize gia na kuachia klachi kidogo, nawe utazame injini inanyanyuka kiasi gani. Injini inayoruka inalipinda bomba kwa kila kuondoka. Ukifunga stadi mpya bila kushughulikia hayo, tutaonana tena hapa.

Kuhusu kukaza, safisha kwanza sredi zote na nyuso zote mbili, weka gasketi kavu na uangalie matundu yake yalingane na ya hedi, maana wengine huigeuza. Nati zote zifike kwa mkono kwanza. Kisha anza zile za katikati na kwenda kwenye ncha, kwa mizunguko mitatu, kila mzunguko ukiongeza nguvu hadi ufikie kipimo kilicho kwenye kitabu cha injini yako. Tumia spana ya torki, ya kuazima kama huna. Bomba la mbele lifungwe mwisho, na bolti zake zikazwe baada ya raba na kishikizo kukaa mahali pake, ili bomba lijipange lenyewe badala ya kuvutwa na bolti.

Washa, iache ipate moto kamili, kisha zima na uiache ipoe kabisa hadi uweze kuishika manifoldi kwa mkono mtupu. Hapo pitia nati zote tena kwa kipimo kilekile. Rudia baada ya safari ya kwanza yenye mzigo. Saa za mwanzo utaona moshi na harufu ya kuungua kwenye manifoldi. Hayo ni mafuta ya kulainisha kutu na alama za vidole, na huisha. Bati la joto lirudishe pia, usilitupe kwa sababu linapiga kelele: badili bolti zake tu, kwa kuwa ndilo linalozuia waya na mipira iliyo karibu isiungue.